Mlango wa Kabati la Bi Rukia Lali

Aliniita asubuhi, kabla sijala.
"Ndoo, Famau, mlango umenisusia."
Ndivyo alivyosema, kana kwamba ni mkwe.
Nikachukua bisibisi, patasi mbili,
gundi kidogo ndani ya kopo la maziwa,
nikapita vichochoro vya Mkomani ubavu ubavu,
maana sanduku langu ni pana kuliko njia nyingine.

Kabati la msaji, chumba cha ndani, milango miwili.
Wa kushoto wima.
Wa kulia umelala bega,
kona yake ya chini ikilima kitako cha kabati
hata imechimba mfereji mwembamba,
hilali iliyochorwa na mtoto.
Tangu lini? Bi Rukia akahesabu vidole vya mkono mmoja, akaacha.
"Tangu harusi ya Zuhura. Au tangu talaka yake."

Sikuugusa mlango.
Niliomba bilauri ya maji, nikaiweka juu ya kabati,
nikachuchumaa kuitazama.
Maji yalikuwa sawa. Bilauri ndiyo iliyopinda.
Mguu wa mbele, wa kulia, umezama:
chokaa ya sakafu imebonyea
pale walipokuwa wakinawa mikono vizazi viwili.
Nikachonga kabari ya mkoko, nikaigonga,
kidogo, kisha kidogo tena,
mpaka bilauri ikakubaliana na maji.
Mlango ukapanda unene wa sarafu.
Haukutosha.

Basi nikaifungua bawaba ya juu.
Skrubu zilitoka kwa ncha za vidole, bila bisibisi,
kama meno ya utotoni.
Matundu yamepanuka, yametoa unga,
na katika tundu moja mna kijiti.
Nilikivuta kwa ukucha.
Si njiti ya kiberiti. Si kigingi cha fundi.
Ni mswaki, mswaki wa mti,
kipande kisichofika nusu ya kidole,
ncha moja imetafunwa ikawa nyuzinyuzi.

Bi Rukia akanyoosha kiganja.
"Huyu ni Vae," akasema.
"Alikuwa akitafunia kushoto tu. Ino la kulia
lilimuuma tangu siku alipoingia nyumba hii."
Akakigeuza kijiti penye mwanga wa dirisha.
"Aliniambia ameutengeneza. Nikamwambia,
wewe ni karani wa forodha, niitie fundi wa kweli."
Pua yake ikatoa kicheko kifupi.
"Kimeshika miaka kumi na tisa."

Fundi wa kweli nimesimama na kopo langu.
Kitanda nilichowatengenezea jirani zake
kilishika minne.

Nikamweleza: kijiti kimechoka, Bi Rukia,
nitachonga kigingi cha mvule, nikipake gundi,
nikikate sawasawa na ubao, kesho nitoboe upya.
Hakunijibu. Akakirudisha mwenyewe tunduni,
akakisukuma kwa kidole gumba
kama afukiaye mbegu.
"Hamisha bawaba," akasema.

Nikaihamisha. Inchi moja chini, kwenye mti mzima.
Adhuhuri yote nilichimba kitanda chake kipya kwa patasi,
na mahali pa zamani nikapaziba kwa kiraka cha msaji,
nyuzi zake zikifuata nyuzi za ubao,
usipojua huoni.
Vae yumo nyuma yake.

Nikaufunga mlango. Ukaenda kimya,
ukakutana na mwenzake katikati,
mwanya mmoja, juu hadi chini, upana wa uzi.
Nilijisikia fahari, nisikufiche.
Bi Rukia akaufungua, akaufunga,
akaufungua tena, akakunja uso.
"Haulii."
"Ndiyo, haulii."
"Sasa nitayuaye ni nani aibao sukari usiku?"

Nikapiga magoti tena.
Bawaba ya chini, skrubu ya katikati,
nikailegeza robo mzunguko.
Mlango ukakwaruza, kidogo, pale pale penye hilali.
Alitikisa kichwa, akaenda kunitilia chai.

Hiyo robo sikuitoza.